Usinionyeshe gurudumu la nguzo, nionyeshe klachi

Nikikabidhiwa kronografu ya rubani, yaani saa ya mkono inayoweza pia kupima muda kwa kubonyezwa, sisomi jina lililoandikwa usoni wala siigeuzi kutazama mgongo wake. Navaa lenzi jichoni, namkazia macho yule mshale mrefu wa sekunde aliyelala kwenye 12, halafu nabonyeza kitufe cha juu polepole. Kuna saa ambazo mshale huondoka kana kwamba haujawahi kusimama. Kuna nyingine huruka mbele kidogo, kama nusu ya alama, ndipo huanza kutembea. Na kuna zile ambazo mshale hutetemeka, hurudi nyuma kidogo, kisha huenda. Sijafungua hata skrubu moja, lakini tayari nimejua mashine iliyomo ndani ni ya ukoo gani.

Nayaandika haya kwa sababu swali ni lilelile kila mara: kati ya kampuni za saa Breitling, IWC, Zenith na Breguet, nani ana mashine bora ya kronografu? Na karibu kila anayeuliza amekuja na jibu nusu mkononi, alilolipata kwenye matangazo: tafuta gurudumu la nguzo, tafuta mashine ambayo kampuni imeitengeneza yenyewe, kimbia ya kununuliwa. Mimi ni fundi. Kazi yangu ni kuzifungua, kuziosha, kuzitia mafuta na kuzifunga tena zikiwa hai. Ukikaa upande wangu wa meza utaona kuwa mambo hayo mawili yana uzito, ila si ya kwanza. La kwanza ni klachi, kiungo kinachounganisha sehemu ya kupima muda na saa yenyewe. La pili ni kinachotokea ukibonyeza kitufe cha chini wakati mshale bado unatembea.

Kwa asiyewahi kuona ndani: kronografu ni mashine mbili katika kasha moja. Moja inaonyesha saa na haisimami. Nyingine inapima muda, nayo imelala hadi uiamshe. Zote zinakula nguvu ya springi kuu moja. Kwa hiyo mchoraji wa mashine ana maswali mawili ya kujibu. Nani anatoa amri ya kuanza, kusimama na kurudi sifuri? Na hiyo mashine ya pili inajiungaje na ya kwanza bila kuisumbua?

Swali la kwanza ndilo lenye kelele. Gurudumu la nguzo ni kijigurudumu chenye meno chini na vinguzo vimesimama juu yake. Kila ukibonyeza linasogea hatua moja, na ncha za nyenzo ama zinapanda juu ya nguzo ama zinadondoka katikati ya nguzo mbili. Kemu ni bamba la chuma lenye mabonde na vilima, linasukumwa huku na kule. Nguzo inataka kuchongwa kwa uangalifu, kemu inakatwa kwa presi, na hapo ndipo gharama inapoachana. Kidole kinaitambua tofauti, sikatai. Nguzo hubonyea sawasawa kila mara. Kemu inakutaka ukaze kidole kwenye kuanza, halafu inalegea kwenye kusimamisha. Lakini amri ikishafika, imefika. Mshale haujui aliyeutuma.

Swali la pili lina majibu matatu makubwa. Kuna klachi ya ubavuni: gurudumu dogo limebebwa na wenzo, linasogezwa kando hadi meno yake yaume meno ya gurudumu la kronografu. Meno yakikutana kilele kwa kilele, mshale huruka au hurudi. Kuna pinioni ya kuegama, nitakayoieleza hivi punde. Na kuna klachi ya wima, ambayo haina meno ya kukutana kabisa. Diski mbili zimelala moja juu ya nyingine kwenye mhimili uleule, kama sahani kwenye rundo. Springi ikiachiwa zinabanana na kuzunguka pamoja, springi ikiinuliwa zinaachana. Mshale huondoka bila kuruka kwa kuwa hakuna jino la kugongana na jino.

Sasa tuzifungue.

Naanza na inayodharauliwa kuliko zote, Valjoux 7750, mashine ambayo kampuni nyingi huinunua na kuitia kwenye saa zao. Aliichora Edmond Capt mwanzoni mwa miaka ya 1970 akisaidiwa na kompyuta, jambo geni kabisa kwa wachora saa wa enzi ile. Ni nene, milimita 7.9. Inapiga mara 28,800 kwa saa, yaani mara nane kwa sekunde. Inaongozwa na kemu. Na klachi yake ndiyo hiyo pinioni ya kuegama, kitu ambacho nikimfunulia mtu kwa mara ya kwanza huuliza, "Basi? Ni hiki tu?"

Ni hicho tu. Ukiondoa rota, ule uzito unaozunguka na kujaza springi, na daraja la juu, bamba linaloshikilia magurudumu, utakuta kijiti cha chuma kilichosimama wima, chembamba kiasi kwamba kibano kikiteleza unaweza kukitafuta chini ya meza jioni nzima. Kina meno juu na meno chini. Meno ya chini yameshikana muda wote na gurudumu la sekunde, hivyo kijiti kinazunguka siku nzima hata kronografu ikiwa imelala. Ukibonyeza kitufe, wenzo unaisukuma ncha ya juu kwa umbali mdogo mno, kijiti kinaegama, meno ya juu yanaliuma gurudumu la kati, na mshale unaondoka. Hataza ya wazo hilo ni ya Edouard Heuer, mwaka 1887. Sijaona klachi iliyo rahisi zaidi tangu hapo. Meno ya gurudumu la kati ni madogo mno, ndiyo maana 7750 iliyorekebishwa na mtu mwenye subira hairuki sana kama inavyosingiziwa.

Ina kasoro zake. Rota inajaza springi ikizunguka upande mmoja tu. Upande wa pili inateleza bure, na kwa kuwa ni nzito unaisikia ikikuyumba mkononi. Wapo wanaoichukia tabia hiyo, mimi hunifurahisha. Kisichonifurahisha ni kihesabu cha saa kilichoko kwenye 6. Kimewekwa upande wa uso, kwa hiyo kukigusa lazima ung'oe mishale yote na uso wenyewe. Pia usiguse kibadilishi cha haraka cha tarehe kuanzia kama saa tatu usiku hadi saa nane usiku, maana hapo gia za tarehe zimeshaumana na unaweza kuvunja jino.

Hata hivyo, hiyo ndiyo mashine iliyozibeba saa za marubani kwa miongo. IWC waliichukua, wakaifanyia kazi, wakaitia kwenye Pilot's Chronograph kizazi baada ya kizazi. Breitling walikuwa nayo ndani ya Navitimer, saa yao ya marubani, kabla ya kuwa na ya kwao. Na mwaka 1992 Richard Habring, akiwa IWC, aliibebesha mshale wa pili wa sekunde katika Doppelchronograph, akitumia kemu mahali ambapo desturi ilidai gurudumu la nguzo. Mshale wa pili unausimamisha kwa kitufe cha peke yake, unasoma, unauachia, unamkimbilia mwenzake. Kuifunga tena saa hiyo ni kazi ya siku ambayo simu imezimwa.

Zenith El Primero ni jamaa wa tabia tofauti kabisa. Ilitangazwa Januari 1969, wakati kampuni kadhaa zilikuwa mbioni kutoa kronografu ya kwanza inayojijaza yenyewe. Inapiga mara 36,000 kwa saa, mapigo kumi kwa sekunde, hivyo inaweza kusoma sehemu ya kumi ya sekunde kikweli, siyo kwa kukisia. Unene wake ni milimita 6.5, na ukiilaza kando ya 7750 unaona mara moja kuwa mchoraji alikuwa akipigania kila sehemu ya milimita. Gurudumu la nguzo lipo, na klachi ni ya ubavuni. Wenye kupenda kutazama watakwambia hakuna klachi nzuri kwa macho kama hii, nami nakubali: unauona wenzo ukisogea, unaona gurudumu likiumana na mwenzake, kila kitu kiko juu juu. Ile ya wima imejificha chini ya madaraja; ukiitazama kupitia kioo cha mgongo unaona rota na chuma kilichosuguliwa, basi.

Kasi ya El Primero ina gharama. Gurudumu la mwisho, lile linalopokea mapigo, linazunguka kwa haraka kiasi cha kurusha mafuta mepesi pembeni, kwa hiyo lazima utumie yanayong'ang'ania na uyaweke kwa kipimo. Fundi anayeipaka mafuta kama saa yoyote ataiona imerudi mezani mapema. Rolex walipoichukua kwa ajili ya Daytona, kuanzia 1988 hadi 2000, jambo mojawapo walilofanya ni kuipunguza hadi mapigo 28,800. Sisemi walikosea wala walipatia. Walitaka iende muda mrefu bila kuguswa, wakatoa kasi kama malipo.

Kuna jambo linalozifunga hizi mashine mbili, nami hulikumbuka kila mtu akiniambia mashine fulani ni "ya kiwanda tu". Mwaka 1975, saa za betri zilipokuwa zikiua viwanda, 7750 ilisimamishwa na vifaa vyake vikatakiwa kutupwa. Mwaka huohuo, Zenith ikiwa mali ya kampuni ya Chicago, amri kama hiyo ilifika Le Locle, makao ya Zenith huko Uswisi. Capt inasimuliwa kuwa hakutupa. Na Charles Vermot, fundi wa Zenith, alibeba zana na michoro ya El Primero akaificha darini, akiwa ameandika kila kimoja ni cha nini. Miaka ya 1980 watu walipozitaka tena kronografu za springi, zana zilikuwepo. Bila wale wawili waliokaidi, sehemu kubwa ya makala hii isingekuwa na la kusema.

Breitling nao walikuwa kwenye mbio za 1969, wakishirikiana na Heuer-Leonidas, Büren na Dubois Dépraz. Matokeo yakawa Calibre 11, yenye rota ndogo iliyozama ndani ya mashine na sehemu ya kronografu imepakiwa juu kama moduli, kiasi kwamba kichwa cha kujazia kilihamia kushoto na vitufe vikabaki kulia. Ajabu kuitazama, na huwezi kuikosea. Mwaka huohuo Seiko walitoa 6139, inayojijaza, yenye gurudumu la nguzo na klachi ya wima. Watu huisahau kwa sababu haikuuzwa kama kitu cha anasa, lakini mpangilio ambao kampuni kubwa za Uswisi huusifia leo ndio huo, umo ndani ya saa ya kawaida ya 1969.

Na hapo ndipo ilipo B01, iliyotoka 2009. Ndiyo mashine ya Navitimer ya leo. Gurudumu la nguzo, klachi ya wima, mapigo 28,800, vito 47, unene milimita 7.2, inatembea saa 70 bila kujazwa. Ukiivua Ijumaa jioni, Jumatatu asubuhi bado inatembea. Tarehe unaibadilisha wakati wowote, usiku wa manane ukitaka. Nyundo zinazorudisha mishale sifuri zimechorwa zijipange zenyewe kwenye mioyo yake, yaani vipande vya umbo la moyo vilivyo kwenye mihimili ya mishale, kwa hiyo fundi hakai akipapasa skrubu ya kurekebisha. Ilichorwa na watu waliofikiria mashine hiyo itafungwa na kufunguliwa mara nyingi, na hilo nalihisi kila nikiishika. Haina mapambo ya kukutoa machozi, ila mantiki yake imenyooka.

Wanaopenda neno "ya nyumbani" wana mtihani kidogo hapa. Tangu 2017 mashine hii inaonekana pia ndani ya kronografu za Tudor kwa jina MT5813, ikiwa na mizani na kirekebishi tofauti, na Breitling kwa upande wao wakapokea mashine ya mishale mitatu kutoka Tudor. Ni mapatano ya busara na saa za pande zote mbili ni nzuri. Lakini basi B01 iliyomo ndani ya Tudor ni ya nyumbani kwa nani? Ndiyo maana sina haja na neno hilo.

Kwa nini basi naisukuma sana klachi? Kwa sababu naiona kwenye mashine ya kupimia, ile yenye maikrofoni inayosikiliza mapigo. Saa ikiwa imejaa na kronografu imelala, gurudumu la mizani, lile linaloenda na kurudi kutoa mapigo, linabembea kwa upana mzuri. Ukiiwasha kronografu yenye klachi ya ubavuni, upana unashuka papo hapo, mara nyingi nyuzi 20 au 30, kwa kuwa springi ileile sasa inaburuta magurudumu ya ziada kupitia meno. Mwendo wa saa unabadilika pamoja nao. Saa iliyokuwa ikizidisha sekunde mbili kwa siku inaweza kuanza kupoteza. Kwa klachi ya wima kushuka huko ni kidogo mno, wakati mwingine siuoni. Mtu anayeacha kronografu ikitembea mchana kutwa kwa sababu anapenda kuona mshale mrefu ukizunguka, na mko wengi, atafute ya wima. Mwenye kuiwasha kwa dakika tatu kisha akaizima hana sababu ya kuikimbia ile ya ubavuni.

Ila tusidanganyane kuhusu urubani. Ndege inayokwenda maili 240 za baharini kwa saa inakula maili nne kila dakika, takriban mita 123 kila sekunde. Mshale ukiruka sehemu ya tano ya sekunde wakati wa kuanza, hiyo ni kama mita 25. Hakuna rubani aliyepotea kwa mita 25. Kinachompotezea ni vidole. Kronografu ya kawaida inataka mibonyezo mitatu ili uanze kupima upya: simamisha, rudisha sifuri, anza. Ukiwa na glavu, huku mkono mwingine umeshika usukani, sekunde mbili zimekwenda, na hizo ni karibu robo kilometa kwa kila kona.

Fikiria ndege iliyoambiwa isubiri angani kabla ya kutua. Inageuka nusu duara, inanyooka, inageuka tena, inarudi. Mgeuko wa kawaida ni nyuzi tatu kwa sekunde, kwa hiyo nusu duara inachukua dakika moja kamili. Mkondo ulionyooka, kwenye kimo kisichozidi futi 14,000, nao ni dakika moja. Kila dakika unahitaji kuanza kuhesabu upya, tena na tena, hadi uruhusiwe. Hapo ndipo flaibeki inapojilipia: unabonyeza kitufe cha chini huku mshale unatembea, unaruka hadi sifuri, unaachia kidole, unaendelea. Bonyezo moja.

Ndani ya mashine hilo si jambo dogo. Kwa sekunde ileile klachi lazima iachie, nyundo zishuke zipige mioyo, zinyanyuke, na klachi ishike tena, bila mtu kusimamisha chochote. Nyundo zikitangulia klachi hata kidogo, unalazimisha meno yanayozunguka. Miaka ya 1930 Longines tayari walikuwa na flaibeki. Lakini walioifanya kuwa sharti ni Wafaransa. Miaka ya 1950 wizara yao ya ulinzi iliandika masharti ya saa iliyokuja kuitwa Type 20: iwe na flaibeki, isikosee zaidi ya sekunde 8 kwa siku, itembee zaidi ya saa 35, na ivumilie kuwashwa, kusimamishwa na kurudishwa sifuri angalau mara 300. Breguet, Dodane, Auricoste na wengine wakatengeneza. Hayo masharti nayapenda kuliko brosha yoyote. Hayataji nguzo. Hayaulizi nani kaichora. Yanauliza itafanya nini ikibonyezwa.

Type 20 na Type XX mpya za Breguet, zilizotoka 2023, zina mashine za familia ya 728, na kwangu hizo ndizo zilizojibu maswali yote mawili kwa pamoja: klachi ya wima, gurudumu la nguzo, flaibeki, mapigo 36,000, springi ya mizani ya silikoni, saa 60 bila kujazwa. Ni kama kasi ya El Primero imepewa klachi ya B01 na sharti la jeshi la Ufaransa. Breguet hao hao mwaka 2010 waliwahi kutoa Type XXII yenye mapigo 72,000, ambayo mshale wake wa kronografu unazunguka mara mbili kwa dakika. Naiheshimu. Siitamani.

Zenith nao mwaka 2023 walirudi kwa marubani na Pilot Big Date Flyback, mashine El Primero 3652, mapigo yaleyale 36,000, flaibeki, saa 60. Patek Philippe wana 5924G ya mwaka huohuo, flaibeki yenye klachi ya wima na saa ya ukanda wa pili. Inabonyea vizuri kupita zote nilizowahi kuzigusa, na sina zaidi la kusema kwa kuwa inapovaliwa hakuna anayeinamisha mabawa. IWC wana familia ya 89000, iliyoanza 2007: flaibeki, saa 68, na mfumo wa kujaza wenye ndoano unaofanya kazi rota ikienda upande wowote. Katika baadhi ya matoleo dakika na saa zilizopimwa zinasomwa kwenye duara moja juu, kama saa ndogo ndani ya saa kubwa. Huhitaji kujumlisha chochote kichwani. Nashangaa haijaigwa zaidi. Familia yao ya 69000, iliyomo kwenye Pilot's Chronograph 41 ya 2021, ina gurudumu la nguzo lakini inatembea saa 46 tu, na uso umepangwa kwenye 12, 9 na 6 kama babu yake 7750. Ni bora kuliko babu? Kidoleni, ndiyo. Kwa mvaaji wa kawaida, tofauti ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Lemania 5100 siwezi kuipita, ingawa wenye saa za anasa huikunjia pua. Ilitumika kwenye Tutima za marubani wa jeshi la Ujerumani tangu miaka ya 1980 na kwenye saa za Sinn. Ina sehemu za plastiki ndani, naam, plastiki, na kumaliziwa kwake ni kwa ovyo. Lakini mshale wa dakika za kronografu umewekwa katikati, mrefu, pamoja na ule wa sekunde, kwa hiyo unasoma dakika zilizopita kwa mtupo mmoja wa jicho badala ya kukodolea kiduara kidogo chenye alama thelathini. Ni nadra kukuta mashine inayosomeka haraka hivyo. Nimeshazitikisa, nimeshaziangusha, bado zinatembea.

Tusisahau sumaku, maana chumba cha rubani kimejaa vyombo vya umeme. Zamani saa nzuri ya rubani ilikuwa na kikombe cha chuma laini kinachoizunguka mashine na kuikinga. Siku hizi watu wanataka mgongo wa kioo, na kioo na kikombe haviendi pamoja. Pilot's Chronograph 41 ina kioo. Silikoni ya Breguet haijali sumaku, hiyo ni njia nyingine ya kulimaliza tatizo. Ukiwa na springi ya chuma nyuma ya kioo, iweke mbali na spika na vifuniko vya simu vyenye sumaku, kisha usimlaumu fundi.

Na kuhusu fundi. Klachi ya wima ni tamu kuvaa na ngumu kutibu. Mara nyingi inakuja kama kipande kimoja kilichofungwa, na tone la mafuta likiingia katikati ya diski zinateleza: kronografu inawashwa, mshale unasitasita, mwenye saa anadhani mashine imekufa. Dawa ni kubadilisha kipande chote. Kampuni moja, sitaitaja, iliwahi kunijibu kuwa kipande hicho hakitoki nje ya karakana zake, nitume saa nzima. Ilikaa huko hadi mwenyewe akaacha kuniuliza. Kijiti cha 7750 kinapatikana, na kampuni ya Sellita inatengeneza SW500 iliyo mfano wake, kwa hiyo vipuri havitakwisha karibuni. Ya ubavuni nairekebisha mwenyewe kwa bisibisi na skrubu ya egemeo, nikiangalia kina cha meno kwa lenzi hadi kitoshee. Uzuri wa mashine na uwezo wa kuitengeneza ni vitu viwili, na mnunuzi huulizia kimoja tu.

Saa yenyewe inaweza pia kufa kwa jambo lisilohusiana na mashine. Mei 1962 Scott Carpenter alizunguka dunia ndani ya chombo cha anga Aurora 7 akiwa na Navitimer Cosmonaute, yenye uso wa saa 24 ili asichanganye usiku na mchana huko juu. Ndani ilikuwa na Venus 178 ya kujaza kwa mkono, gurudumu la nguzo, klachi ya ubavuni. Ilikwenda angani ikarudi. Kilichoiharibu ni maji ya bahari baada ya kutua.

Nikibanwa nichague ya kuvaa mimi, ni B01, kwa sababu ya saa 70 na kwa kuwa naiacha kronografu ikitembea bila hatia. Nikibanwa nichague ya rubani anayepima mikondo kwa kidole chenye glavu, ni 728. Ya kukaa nayo mezani bila kuivaa, El Primero ya zamani. Na mtu anayetaka moja tu, ya kurithisha, na anaishi mbali na karakana za kampuni, namwambia 7750 bila kuona haya.

Ukipeleka yoyote kati ya hizi kufanyiwa huduma, mwambie fundi aipime mara mbili: kronografu ikiwa imelala, na kronografu ikiwa inatembea kwa angalau robo saa. Akikurudishia karatasi yenye safu moja ya namba, muulize ya pili iko wapi kabla hujaivaa.